Mrehani Mwekundu na Kisima cha Uhuru

Mrehani wa mwisho ulikufa Siku ya Jamhuri, watu wa Msambweni wakiwa uwanjani wanapiga makofi. Bi Mwanarusi hakwenda uwanjani. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba yake, katika kitongoji cha Mikomani, anatazama jani moja jekundu ambalo ncha yake ilikuwa imeungua kama karatasi iliyopitishwa juu ya kibatari. Alipoligusa likamwangukia kiganjani, hata hakulivuta.

"Haya," aliuambia mmea. "Na wewe umeamua."

Huo ulikuwa mwaka wa tatu wa kuzika. Mchaichai ndio uliotangulia, ukakauka ungali umesimama. Tangawizi ikafuata. Kivumbasi hakikumsumbua, maana hicho hujiotea porini bila kuombwa, na shubiri ndiyo kwanza ilikuwa inanenepa, kana kwamba chumvi kwake ni mchuzi. Lakini mrehani mwekundu haukuwa wa porini, wala haukuuzwa dukani. Mamake aliutoa Vumba akiwa bi harusi, mbegu zimefungwa kwenye pindo la leso. Tangu hapo kila mtoto wa Mikomani aliyebanwa na kifua aliinamishwa juu ya chungu cha majani yake, akafunikwa shuka, akalia mpaka pua ikafunguka. Mwanarusi mwenyewe aliinamishwa. Ndugu yake mdogo, Sefu, aliinamishwa mara nyingi kuliko wote na kupiga kelele kuliko wote, na sasa huyo Sefu ndiye mwenyekiti wa kamati ya kisima.

Na kisima ndicho kilichokuwa kinaua.

Zamani kilikuwa kifupi. Maji yake yalikuwa machache lakini matamu, na wanawake walikuwa wanapanga foleni, wanasengenyana, wanarudi nyumbani wametosheka kwa yote mawili. Ilipopandishwa bendera mwaka wa sitini na tatu, Sefu akasema haiwezekani nchi iwe huru na kisima kiwe na foleni. Ikapigwa harambee. Wanaume wakashuka na mitaimbo, wakavunja mwamba pima mbili zaidi, na maji yakapanda kwa kishindo, watu wakayapigia vigelegele. Bi Mwanarusi naye alipiga kigelegele, na jambo hilo lilimkera mpaka leo. Sefu akajenga ukingo wa saruji, na saruji ingali mbichi akaandika kwa msumari: KISIMA CHA UHURU 1963. MWENYEKITI SEFU. Jina lake lilikuwa kubwa kuliko uhuru.

Miezi miwili baadaye sabuni ikakataa kutoa povu. Birika zikaota ukoko mweupe. Asubuhi ukitazama udongo wa shamba la dawa, ungedhani kuna mtu amepita usiku anaunyunyizia unga wa muhogo. Kila akiambiwa, Sefu alikuwa na jibu moja.

"Si chumvi, dada. Ni mawe. Maji mapya lazima yawe na ladha ya mawe. Yatazoea."

"Yatazoea lini?"

"Yatazoea."

Basi Bi Mwanarusi akahangaika peke yake. Jirani mmoja alimwambia amwage jivu, akamwaga, mimea ikafa upesi zaidi. Mwingine akamwambia atie mavi ya mbuzi, akatia, yakaota magugu ya kupendeza. Akaenda kwa shehe akaandikiwa kombe, aya za zafarani kwenye sahani, na alipofika nyumbani akaliosha kwa maji ya kisima kilekile, ndipo akaketi kizingitini akacheka kwa hasira.

Sasa alibakiwa na kichupa cha wanja. Ndani yake mlikuwa na mbegu za mrehani za mwaka uliopita, hazijai kijiko cha chai. Zikifa hizo, hakuna nyingine, si Mikomani, si Msambweni, na Vumba kwenyewe alikwisha kuuliza, akaambiwa wa huko ulikufa zamani na mabibi waliokuwa wakiutunza. Wala hakuwa na wa kumlaumu kwa kutoazima wengine mbegu, maana mwenye kukataa kuazima alikuwa ni yeye. Dawa ya kwao ilirithiwa na binti, na Mungu hakumjalia binti. Wifi yake, Bi Mbodze, dada wa marehemu mumewe, ambaye waliishi pamoja nyumba moja na kugombana kila siku ya Mungu, aliwahi kumwombea mbegu bintiye Sidi aliyeolewa Tiwi. Mwanarusi alimjibu kwamba atafikiri. Alikuwa bado anafikiri, na Sidi alikwisha kupata watoto wanne.

*

Ramadhani iliandama siku mbili baada ya sikukuu, mvua za vuli zikiwa zinakata. Siku ya tatu ya mfungo akaja Bwana Shamba na baiskeli yake. Alikuwa mtu wa Kilifi, jina lake Kahindi, ana miwani na tumbo dogo la mshahara wa serikali. Kazi aliyotumwa ilikuwa kuwahimiza watu wapande mikorosho.

"Hodi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kama umeleta korosho, geuza baiskeli."

"Leo sikuleta. Nimesikia dawa zako zinakufa."

"Nani kakwambia?"

"Bi Mbodze."

"Mbodze angepewa redio, watangazaji wangekosa kazi."

Kutoka jikoni ikasikika sauti ya Bi Mbodze: "Nasikia."

"Najua unasikia. Nimesema kwa kukusudia."

Kahindi akaiegemeza baiskeli, akaenda nyuma ya nyumba. Alichuchumaa, akachota udongo kwa vidole viwili, akautazama.

"Bibi umeuonja?"

"Mimi nimefunga. Onja wewe, Mkristo, kutofunga kwako leo kumepata faida."

Akaonja. Akatema. Akaomba maji ya kisima, akaletewa kwenye kata, akayasukutua, akayatema pia. Bi Mwanarusi alimtazama kwa raha, maana mtu aliyekuja na mamlaka yake yote sasa alikuwa anatematema uani kama mjamzito.

"Ni chumvi," alisema Kahindi.

"Alhamdulillahi. Tumetumiwa mtu kutoka serikalini kuja kutuambia."

Kahindi hakukasirika. Watu wa kwao na watu wa kwake Mwanarusi ni watani tangu babu na babu, na alijua kwamba mtani akikutukana ujue amekukaribisha. Akamweleza taratibu. Pwani hii, alisema, maji matamu hukaa juu na ya bahari hukaa chini yake, kama tui zito linavyoelea juu ya tui jepesi. Kisima kifupi hunywa tui zito. Wao walichimba wakavuka. Tena wanatumbukiza ndoo mpaka chini, ndoo inakoroga, wanapandisha mchanganyiko.

"Kwa hiyo dawa yake?"

"Kwanza, teka kwa kata, juujuu, alfajiri kabla ndoo hazijaanza. Pili, inua tuta, weka makumbi ya nazi juu ya udongo, jua lisiyanyonye maji likaiacha chumvi juu. Tatu, mbegu."

Kusikia mbegu, Bi Mwanarusi akaishika leso yake kifuani kana kwamba mtu amenyoosha mkono.

"Mbegu zina nini?"

"Zilowekwe kwenye maji yenye chumvi kidogo. Kutwa moja. Halafu uzisuuze, uzianike kivulini, uzipande. Mbegu ikionja chumvi ingali imelala, ikiamka haishtuki sana."

Bi Mwanarusi akaikaza leso.

"Mwanangu, watoto wangu wamekufa kwa chumvi miaka mitatu. Wewe waniambia waliobaki niwanyweshe chumvi."

"Kidogo, Bibi. Tulifanya kwenye ngano, shamba la majaribio."

"Mrehani si ngano."

"Ndiyo maana nakwambia loweka nusu tu. Nusu nyingine weka."

"Na hiyo chumvi nitaipima vipi?"

Kahindi akafungua kinywa ataje kipimo, kisha akaitazama ile kata. Wakacheka wote wawili kwa pamoja, yeye kwa haya, Mwanarusi kwa uchungu. Ndani ya maji ya kisima chumvi ilikwisha kupimwa, mwenyekiti alikwisha kuisimamia.

*

Alikaa siku mbili akiyageuza maneno hayo. Yalimuudhi. Kwanza yalitoka kwa mtu wa korosho. Pili yalikuwa na akili. Tatu hakuwa na la kuyatoa makosa. Siku ya sita ya mfungo, ilikuwa Jumatatu, baada ya alfajiri alichukua bakuli la bluu, akatia maji ya kisima, akafungua kichupa cha wanja, akamwaga mbegu zote.

Naam, zote. Kahindi alisema nusu, lakini Mwanarusi alijiambia kuwa nusu ya kitu kidogo hivi ni uchafu wa kucha tu, na kama maji ni ya kuua yatazimaliza hizo nyingine huko shambani, za leo na za kesho. Afadhali zifuatane. Akalifunika bakuli kwa kawa, akalisukuma kwenye kona ya meza ya jikoni. Hakumwambia mtu. Dawa haitangazwi, ndivyo alivyofunzwa, na tena hakutaka Mbodze ajue kwamba amemsikiliza Bwana Shamba.

Kufika adhuhuri mbegu zilikuwa zimevimba. Kila moja ilijivika utando kama yai la chura, jeusi katikati. Mwanarusi alifunua, akachungulia, akaguna, akafunika.

Sasa siku hiyo wazee wa kamati ya kisima walikuwa wafuturu kwake. Mke wa Sefu alikuwa amekwenda Funzi kumuuguza mamake, na Sefu, kwa kuwa mwenyekiti hawezi kusema hana futari, alimwambia kila mtu kwamba kikao kitafanyika kwa dada. Wifi wawili wakashinda jikoni. Mihogo ya nazi, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina, vibibi. Kabla ya magharibi Bi Mwanarusi alitoka kwenda kutawadha na kuswali chumbani, akamwachia Mbodze sharubati.

Bi Mbodze alikamua ndimu. Akachota maji ya mvua kwenye mtungi, maana kwa sharubati hata mke wa mwenyekiti asingetumia ya kisima. Akatia sukari kwa mkono mpana. Akakumbuka tukmaria, zile mbegu nyeusi za dukani kwa Mhindi ambazo watu wa pwani hupenda kuziloweka na kuzitia kwenye sharubati zielee. Alikuwa amesahau kununua. Alipogeuka kutafuta kijiko akalifunua bakuli la bluu, na ndani akaona tukmaria zimeumuka vizuri, tayari, zinamngoja. Kwa sura hakuna wa kuzitofautisha, maana tukmaria na mrehani ni ndugu wa damu. Bi Mbodze alisimama kidogo. Alifurahi. Katika miaka kumi na minane, hiyo ilikuwa mara ya kwanza wifi yake kumsaidia kazi bila kumsimanga.

Akamimina bakuli zima ndani ya jagi, mbegu na maji yake, akakoroga. Kuonja hakuonja. Alikuwa amefunga.

*

Muda mfupi baada ya adhana wazee sita walikuwa barazani wamekunja miguu. Walikula tende. Mzee Mbwana, muadhini, ambaye alikuja akitweta kutoka msikitini, alipewa bilauri ya kwanza kwa heshima yake, na Sefu ya pili kwa cheo chake. Sefu alikunywa kama mtu aliyeshinda na kiu, yaani nusu bilauri kwa mkupuo mmoja. Kisha akasita.

"Mbodze."

"Abee."

"Humu umetia sukari au umetia chumvi?"

"Sukari, shemeji. Tena nyingi."

"Maji umeteka wapi?"

"Ya mtungi. Ya mvua."

"Basi kuna kitu. Ina chumvi. Hamuisikii, wazee?"

Wazee wakaguna kwa adabu. Mmoja akasema labda ni ulimi wa mfungo. Mwingine akasema hapana, hata yeye ameisikia, ila hakutaka kuanza yeye.

Hapo ndipo Bi Mwanarusi alipotokea mlangoni na sinia la mihogo. Aliona bilauri mkononi mwa ndugu yake. Aliona vile vidude vyeusi vinapanda na kushuka kwenye ndimu. Akaliweka sinia chini polepole.

"Mbodze. Hizo tukmaria umezitoa wapi?"

"Si zako? Bakuli la bluu, chini ya kawa. Nami nikasema leo wifi kanihurumia."

"Msimeze," alisema Bi Mwanarusi.

"Eti?"

"Nyote. Aliyenazo kinywani asimeze."

Kwa sauti ile ile mamake aliwahi kuwainamisha nusu yao juu ya chungu, na miili yao ikakumbuka. Wazee wakatulia. Mzee Mbwana, ambaye wakati huo alikuwa amejaza mashavu yote mawili, alibaki hivyo, ametoa macho, anamtazama kama anayeuliza mpaka lini.

"Ni sumu?" aliuliza Sefu.

"Ni mrehani wa mama. Ni mbegu zote zilizobaki duniani, na wewe umeshakunywa shamba zima."

Bi Mbodze akaketi pale pale kwenye ngazi. "Uliniambia?" alisema kwa sauti ndogo. "Wifi, ungeniambia ningezilinda kwa mwiko. Wewe huniambii kitu."

Hasira ya Bi Mwanarusi ikatafuta mahali pengine pa kwenda. Sefu akampa.

"Sasa chumvi umetia ya nini kwenye mbegu?"

"Sikutia chumvi."

"Mbona ina chumvi?"

"Niliziloweka kwenye maji matupu."

"Maji gani?"

"Ya kisima, ndugu yangu. Ya Kisima cha Uhuru. Bakuli moja tu, ndani ya jagi zima la maji ya mvua na sukari mkono mpana, na umeisikia."

Kuku mmoja alipita uani. Mzee Mbwana hakuweza tena. Aliiinua bilauri yake, akarudisha humo humo yote yaliyokuwa mashavuni, akajifuta ndevu, akasema, "Sefu. Miaka mitatu watuambia ni mawe."

"Ni mawe," alisema Sefu, lakini alisema kwa chini, na alikuwa anaitazama mihogo.

Bi Mwanarusi hakungoja kusikia zaidi. Alileta kitambaa cha kuchujia tui na sufuria, akazunguka baraza nzima kumpokonya kila mzee bilauri yake, ya Mbwana akaipokea bila kinyaa, akamimina jagi lote, akachuja. Mzee mmoja akauliza, kwa unyonge, kama hizo zilizopita kooni zaweza kuota. Bi Mwanarusi akamwambia tumboni mwake hakuna udongo mzuri.

Aliziosha kwa maji ya mvua mara saba kutoa sukari, sisimizi wasije wakafuturu wao. Zilizobaki hazikufunika ukucha wa dole gumba. Alizianika juu ya kitambaa, akakaa nazo mpaka wageni wakaondoka, na samaki wa kupaka waliliwa bila mwenye nyumba.

*

Aliinua tuta. Alilaza makumbi. Akapanda. Siku ya saba ikachomoza miche kumi na mmoja, midogo kama masikio ya panya, na kila mmoja ulikuwa na rangi ya zambarau kwenye shingo.

Hapo ndipo adha ilipoanza. Maana kufa kwa mmea mara moja unalia unamaliza, lakini mche unaoumwa haukupi nafasi hata ya kulia. Kila alfajiri aliwahi kisimani na kata aliyoifunga kwenye ufito mrefu, akainama juu ya jina la ndugu yake, akayakwangua maji ya juu juu, kata kwa kata, mpaka kiuno kikawaka. Aliwaambia wanawake nao wateke hivyo. Wakamcheka.

"Bi Mwanarusi anaengua maji kama maziwa."

"Ndiyo. Na wewe endelea kukoroga, utapata samli."

Mmoja akimaliza kumsikiliza na kuanza kuelewa, mwingine alikuja akatumbukiza ndoo mpaka chini, pwaa, na asubuhi nzima ikaharibika. Alirudi nyumbani akakuta kuku amechakura makumbi. Miche ikawa tisa. Jua la kaskazi likakaza. Ikawa saba, halafu sita. Ncha za majani zikaanza kuungua vilevile kama zamani, na Bi Mwanarusi akasimama juu yake akayatukana matusi ambayo hakuwahi kumtukana mtu.

Kahindi alipita mwezi wa Februari, akachuchumaa, akasema, "Lakini haijafa."

"Usiniletee maneno ya kunituliza. Hata mimi sijafa, na nitazame."

Sefu alinuna mpaka baada ya Idi. Alisema wazee walikuwa na njaa, na ulimi wa mwenye njaa hautoi ushahidi. Lakini kamati ilikwisha kuonja kwa kinywa chake yenyewe, na jambo lililoonjwa barazani halirudishwi kwenye jagi. Mzee Mbwana alianza kuja na maji yake ya mvua kwenye chupa kila walipokutana, akaiweka mbele ya mwenyekiti bila kusema neno, akanywa mafunda mawili, akaifunga. Vikao vitatu namna hiyo, Sefu akasalimu amri. Wanaume wakashuka tena kisimani, safari hii wanabeba mawe badala ya kuyatoa, wakajaza zile pima mbili walizozichimba kwa vigelegele. Hapakuwa na vigelegele. Sefu alimwendea dada yake kabla ya kuanza, akasimama nje ya ua.

"Tutajaza. Lakini saruji haiguswi."

"Nani ataka kuigusa? Liache jina. Watu wakiyanywa wajue wamshukuru nani, na wakikumbuka walivyokunywa zamani wajue wamlaumu nani."

Sefu alifikiri kama hilo ni kukubaliwa au ni kutukanwa. Akaenda zake bado anafikiri.

Foleni ikarudi. Wanawake wakalalamika kwa Bi Mwanarusi kwamba ni yeye aliyeirudisha.

*

Mirehani mitatu ndiyo iliyofika kuchanua, ya kimo cha goti, majani madogo kuliko ya zamani na magumu kidogo, ila ukiyapitishia mkono harufu yake ilikuwa kali mpaka unapiga chafya. Bi Mwanarusi hakuisifu. Aliogopa kuisifu. Aliizungushia makuti, akaketi mbele yake na fimbo ya kuku mpaka mashuke yakakauka, na kabla tu ya mvua za masika akayafikichia kwenye ungo.

Habari ikaenea, na kila mtu akadai ni yeye. Kahindi alisema ni kule kuloweka. Sefu alisema ni yale mawe aliyoyajaza, na kwamba mwenyekiti mwingine asingekubali. Mzee Mbwana, kwa unyenyekevu, alisema haoni kwa nini watu hawataji kuwa mbegu zilipitia kinywani mwa muadhini zikiwa na bismillahi. Bi Mbodze alisema ni sukari.

Na kilichomchoma Bi Mwanarusi ni kwamba hakuwa na la kuwajibu. Ilikuwa ni chumvi, au makumbi, au kata, au mawe, au hata hiyo sukari? Angefuata neno la Kahindi akabakiza nusu kavu, leo angejua. Alizimwaga zote kwa ukaidi, na sasa anazo mbegu, tele, zajaa kichupa cha wanja na kufurika, na hajui zimefikaje. Miaka sitini ya kutibu watu, na jambo moja alilotaka kulijua kwa yakini limempita akiwa amelishika.

Alikaa kizingitini na ungo magotini. Kichupa kilikuwa kimejaa, na mbegu zilizobaki kwenye ungo zilikuwa nyingi kuliko zilizoingia. Alitazama kichupa kimoja, kilivyo kidogo. Akakumbuka jagi. Aliwaza mara mbili tatu, uso umekunjamana kama anayekunywa mwarobaini.

"Mbodze."

"Abee."

"Sidi kisima chake huko Tiwi kikoje?"

"Kitamu. Kifupi, lakini kitamu. Kwani?"

Bi Mwanarusi akachana ukurasa wa gazeti, akamimina mbegu, akakunja kikaratasi, akakinyoosha bila kumtazama wifi yake.

Bi Mbodze hakukipokea mara moja. Alifuta mikono kwenye leso, upande huu, upande ule.

"Ulisema utafikiri," alisema.

"Nimemaliza."

Bi Mbodze akakichukua. Hakusema asante, maana dawa haishukuriwi, ikishukuriwa hukasirika ikaacha kufanya kazi, na wote wawili walilijua hilo. Alikifunga kwenye pindo, akaingia ndani, akatoka amevaa buibui.

"Waenda wapi?"

"Tiwi."

"Leo? Nani atapika?"

"Wewe una mikono."

Akashika njia ya barabara kuu. Bi Mwanarusi akainuka na ungo wake, akamfuata mpaka kwenye ua.

"Mwambie asizifukie sana. Azipige vumbi tu juu."

"Nitamwambia."

"Na aziloweke nusu. Nusu, Mbodze. Nyingine kavu, na aweke kijiti asizichanganye. Halafu aniletee habari."

Bi Mbodze akapunga mkono bila kugeuka.

"Na ndoo asitumie. Na kuku awafunge. Na asizitie shimo moja zote, na akimwagilia asimwagilie juu ya jani, amwagilie chini, jioni, si mchana..."

Buibui likakata kona ya michungwa, likapotea. Yaliyobaki Bi Mwanarusi aliyamalizia akiyaambia mabua makavu ya mrehani, ambayo angalau yalisimama yakasikiliza.